Kuvua kwa sentapini: maswali ninayoulizwa kila msimu wa stilihedi

Kila mwaka majani yakianza kugeuka rangi hapa kusini mwa Ontario, Kanada, simu yangu haitulii. Wanaonitafuta wengi ni Waswahili wenzangu wa Hamilton, Kitchener na Toronto, walioona picha yangu nimesimama mtoni na fimbo ndefu kama mlingoti na rili inayofanana na kifuniko cha sufuria. Maswali ni yale yale, kwa hiyo nimeyakusanya hapa. Nimekulia Tanga nikivua kwa mshipi wa mkono, na haya mengine nimejifunza kwa kulowa.

Sentapini ni kitu gani hasa?

Ni rili. Gurudumu moja pana, mara nyingi la inchi 4 hadi 5, linazunguka juu ya msumari wa katikati (jina limetoka hapo) likiwa limekalia beringi. Hakuna gia: ukizungusha mkono mara moja, gurudumu nalo limezunguka mara moja. Hakuna breki ya ndani. Nyingi zina kidude kinacholia tik-tik ili gurudumu lisijifungue lenyewe ukiwa unatembea, lakini hicho hakimzuii samaki. Breki ni kidole chako.

Ukiwahi kuvua kwa mshipi wa mkono, nusu ya kazi unaijua tayari. Marehemu mjomba wangu alikuwa akikaa kwenye ngalawa mshipi umepita juu ya kidole cha shahada, na alikuwa anakwambia kama ni changu anadonoa au ni chubwi inagonga mwamba, hata hajageuka kuangalia. Rili za kisasa zilikipumzisha kile kidole. Sentapini inakirudisha kazini.

Nina rili ya kawaida. Kwa nini nisitumie hiyo hiyo?

Itumie, hakuna atakayekukataza. Ila tazama kinachotokea. Rili ya kawaida hutoa mshipi kwa mapindi. Ukiuachia, mapindi yanarundikana juu ya maji. Ukiushika, boya linasimama na chambo kinanyanyuka kutoka chini. Kwenye sentapini maji yenyewe ndiyo yanayovuta mshipi, sentimita kwa sentimita, na boya linakwenda kwa mwendo wa mto kwa mita 30 au 40 bila kushtuka.

Na stilihedi (trauti mkubwa tunayemfuata mtoni, nitamweleza chini) wa Novemba, maji yakiwa na nyuzi 4, hana haraka ya kukimbiza chakula. Anataka kipite mbele ya pua yake, taratibu, kama kilivyoletwa na mkondo.

Kama wewe unavua ziwani umekaa kwenye kiti, sentapini haikupi faida yoyote. Weka hela yako.

Ilitoka wapi?

Uingereza. Wavuvi wa Nottingham, kwenye mto Trent, walikuwa wakitumia rili za mbao za namna hii karne ya 19. Karibu na 1896 kampuni ya Allcock ya Redditch ikaanza kutengeneza rili nyepesi iliyoitwa Aerial, kwa ubunifu wa Henry Coxon, na hadi leo wapo wanaozitafuta kama watu wanavyotafuta saa za zamani. Kule wanavulia samaki kama babeli, mwenye masharubu, jamaa wa mbali wa kuyu wetu. Rili za gurudumu lisilozunguka zilipoenea, sentapini ikawa ya wazee na wapenzi wachache. Huku Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini ikapata maisha mapya kwa sababu ya stilihedi.

Stilihedi ndiye nani?

Ni trauti wa upinde wa mvua anayezaliwa mtoni, akashuka ziwani au baharini kukua, kisha akarudi mtoni kutaga. Asili yake ni pwani ya Pasifiki. Kwenye Maziwa Makuu aliletwa na watu karne ya 19. Ni ukoo ule ule wa trauti waliopandikizwa kwenye vijito vya Mlima Kenya na Aberdare. Tofauti ni kwamba huyu ana ziwa zima la kulia, kwa hiyo wa kilo 3 au 4 si wa kushangaza.

Ninunue fimbo ya urefu gani?

Futi 13. Ukitaka jibu moja bila maelezo, ndilo hilo.

Maelezo ni haya: fimbo ndefu inaunyanyua mshipi usilale juu ya maji. Mshipi uliolala unapindwa na mkondo, unakuwa kama upinde, na upinde ule unalivuta boya pembeni. Pili, fimbo yenyewe ni laini na inakunjika hadi karibu na mkono, ndiyo maana mshipi mwembamba haukatiki samaki akiruka. Kwa vijito vyenye miti iliyoinama, futi 11 inatosha. Mito mipana kama Grand au Saugeen, wapo wanaobeba hadi futi 15, ila mabega yatakuuma.

Angalia pia mahali pa kufungia rili. Fimbo nyingi za sentapini zina pete mbili zinazoteleza juu ya mpini wa gome, ili uisogeze rili hadi fimbo itulie mkononi. Zifunge kwa utepe baada ya kupata mahali pake. Mimi sikufunga, na siku moja rili ilidondoka majini mbele ya wazee wanne wa Kizungu waliokuwa wamenyamaza muda wote. Hapo ndipo walipoanza kuongea.

Na rili, niangalie nini dukani?

Muuzaji atalipiga gurudumu kofi na kukuonyesha linavyozunguka dakika nzima bila kusimama. Mwambie asante. Mtoni boya haliligongi gurudumu kofi. Linalivuta kidogo kidogo. Unachotaka kujua ni kama linaanza kuzunguka kwa uzito mdogo. Mwombe akuwekee mshipi, uning'inize kichubwi cha gramu mbili tatu, uone kama gurudumu linaondoka lenyewe bila kusukumwa.

Kisha litikise kwa vidole. Likicheza huku na huku, achana nalo. Tazama nafasi iliyopo kati ya gurudumu na fremu ya nyuma, maana ikiwa kubwa mshipi utaingia humo, na huo ni ugomvi mwingine nitakaoueleza chini. Kwa anayeanza, rili ya chini ya dola 300 za Kanada inatosha kabisa. Zile za kuchongwa moja moja ni nzuri mno, lakini samaki hajui bei.

Naanza kufunga vipi, kutoka kwenye rili hadi kwenye ndoana?

Mshipi mkuu ni nailoni ya kuhimili uzito wa ratili 8 hadi 10, ya aina inayoelea. Usijaze gurudumu hadi ukingoni. Acha milimita tatu nne, la sivyo mapindi yatamwagika nje kama uji uliochemka. Kwenye mshipi huo unapitisha boya, likishikwa na vipande viwili vya mrija wa mpira, kimoja juu kimoja chini, ili uweze kulisogeza kufuata kina cha maji. Mwisho wa mshipi mkuu unafunga pete ndogo ya chuma inayozunguka, na kutoka hapo kipande chembamba cha florokaboni, ratili 5 au 6, urefu wa nusu mita hivi. Wenyewe wanakiita lida. Ndoana ni namba 8 hadi 12, na kumbuka namba ikipanda ndoana inapungua.

Kazi yenyewe iko kwenye vichubwi, zile punje za kubana kwenye mshipi kati ya boya na lida. Boya limeandikwa gramu zake. Likiwa la gramu 8, libebeshe karibu gramu 8, mpaka ibaki ile ncha ya rangi tu juu ya maji. Boya linaloelea juu juu kama bata, samaki analihisi akivuta, anatema. Upangaji wake: vizito juu karibu na boya, kisha vinapungua ukubwa na kuachiana nafasi kadiri unavyoshuka, na kile kidogo kabisa kinakaa jirani na lida. Namna hii mshipi chini ya maji unakaa umelala mshazari, chambo mbele, boya nyuma.

Chagua vichubwi visivyo vya risasi. Uingereza iliviondoa vya risasi vya ukubwa huu tangu 1987 kwa sababu bata maji walikuwa wanavimeza na kufa.

Chambo? Mayai ya samaki yaliyofungwa kwenye kitambaa cha wavu, donge la ukubwa wa ukucha. Au shanga ya plastiki yenye rangi ya yai. Au mnyoo, ambao watu wanaudharau bila sababu.

Nirushe vipi? Hapa ndipo ninaposhindwa.

Wote tunashindwa hapa. Rili ya kawaida inakusamehe; hii haikusamehe. Kuna njia tatu, na ningekushauri uzijifunze kwa mpangilio huu.

Ya kwanza ni ya vitanzi. Vuta mshipi kutoka katikati ya pete za fimbo, kitanzi kimoja au viwili, uvishike kwa vidole vya mkono wa kushoto. Boya linaning'inia kama mita mbili kutoka ncha ya fimbo. Pembeza fimbo taratibu kuelekea mtoni na uachie vitanzi boya linapokwenda mbele. Gurudumu halizunguki kabisa. Hufiki mbali, mita saba nane hivi, lakini samaki wengi wako umbali huo, na hutafunga fundo hata moja.

Ya pili ni ya ubavuni. Kidole gumba, au kidole cha mwisho, kinazuia ukingo wa gurudumu lisizunguke. Mkono mwingine unaushika mshipi kati ya rili na pete ya kwanza, unauvuta pembeni ili utoke kwa ubavu wa gurudumu badala ya mbele. Unapopembeza fimbo, unaulegeza mshipi kwenye vidole, nao unachomoka pindi baada ya pindi. Wengi wa hapa Ontario wanarusha hivi. Ubaya wake ni kwamba kila pindi linausokota mshipi mara moja. Baada ya asubuhi nzima, mshipi unakuwa kama nywele za kusuka. Dawa ni kuuachia mshipi mtupu ushuke na mkondo, bila boya wala ndoana, kisha kuukunja tena ukiubana kwa vidole.

Ya tatu inaitwa Wallis, kwa jina la F.W.K. Wallis, mvuvi wa Nottingham. Hapa gurudumu linazunguka. Mkono wa kushoto unavuta mshipi chini kwa ghafla wakati fimbo inakwenda mbele. Ule mvuto unalianzisha gurudumu, uzito wa boya unachukua pale, na kidole kinagusa ukingo kidogo kidogo hadi boya linapokaribia maji, ndipo kinalisimamisha. Hausokoti mshipi na unafika mbali. Ukichelewa kulisimamisha, gurudumu linaendelea kumwaga mshipi usio na pa kwenda, unapata kiota cha ndege. Mimi nilijifunza uwanjani kwenye majani, nimefunga kichubwi bila ndoana, mke wangu akiniangalia dirishani. Sikuipata kwa wiki tatu, na bado siku ya upepo inanikataa.

Jambo moja kwa zote: usirushe kwa nguvu. Kupembeza ndiko kunakotakiwa, kama unavyosukuma bembea. Na rusha mbele kidogo ya pale unapotaka, juu ya mkondo, ili vichubwi vipate muda wa kuzama.

Nimerusha. Sasa?

Hapa ndipo uvuvi unapoanzia. Watu wananipigia kuniuliza kurusha, hakuna anayeniuliza kuachia, na samaki wanapatikana kwenye kuachia.

Maji ya juu yanakwenda mbio kuliko ya chini, kwa sababu chini kuna mawe yanayoyakwaza. Ukiliachia boya liende litakavyo, litatangulia, litakiburuta chambo nyuma yake kwa mwendo wa juu, na stilihedi aliyelala chini ataona kitu kinapita kama basi lisilosimama kituoni. Kwa hiyo unalizuia kidogo. Kidole kinaegemea ukingo wa gurudumu, hakibani, kinaegemea tu, mpaka boya liwe linakwenda polepole kuliko mapovu yaliyo pembeni yake. Hiyo ndiyo alama yangu: chagua povu moja, litazame, likuache.

Ukizuia sana, chambo kinanyanyuka. Ukiachia sana, kinaburutwa. Katikati ya hayo kuna mwendo mmoja, na ukiupata ncha ya boya huinama kidogo kuelekea kwako.

Kina nacho kinahitaji subira. Anza na kina kifupi, kila mpito sogeza boya juu sentimita kumi. Vichubwi vikianza kugusa chini, boya litatetemeka kila mara. Rudisha nyuma sentimita kumi, hapo ndipo pake. Tembeza chambo kwenye mstari mmoja mara tano sita kabla ya kuhamia mstari mwingine, kuanzia karibu na miguu yako kwenda nje. Wageni huingia mtoni hadi kiunoni na kusimama pale pale samaki walipokuwa.

Boya likisimama, likizama, au likienda pembeni bila sababu, nyanyua fimbo. Mara nyingi ni jiwe. Nyanyua tu.

Samaki ameshika na hakuna breki. Je, hataondoka na kila kitu?

Ataondoka kama utabana, na ataondoka kama utaachia bila mpango. Mkono unaoshika fimbo unakaa na kidole juu ya ukingo, au unaweka kiganja chini ya gurudumu. Akikimbia, mpe, ukimlipisha kila mita. Akisimama, mvute. Weka vidole mbali na vishikio vya gurudumu, kwa sababu vinapozunguka mbio ni nyundo. Kifundo changu cha kidole cha kati kilivimba wiki nzima kwa samaki wa kwanza mkubwa, ambaye hata sikumpata.

Hesabu ndogo: gurudumu la inchi 4 na nusu likiwa limejaa linakunja sentimita 36 hivi kwa mzunguko mmoja. Samaki akiwa mita 30 mbali, ni zaidi ya mizunguko 80. Akigeuka na kukimbilia kwako, hutamfikia kwa kuzungusha. Lipige gurudumu kofi ubavuni kwa kiganja, mara kwa mara, litakunja mbio kuliko kushika kishikio. Au rudi nyuma kwa miguu, ukingo ukiruhusu.

Mshipi umeingia nyuma ya gurudumu. Nifanyeje?

Usivute! Nailoni ikikunwa na chuma inapata kovu usiloliona, na itakatika kwa samaki. Ondoa gurudumu kwenye msumari (rili nyingi zina kitufe au skrubu moja katikati), utoe mshipi, upapase kwa kucha. Palipokwaruzika, kata. Na liweke gurudumu kwenye kofia, si kwenye jiwe, maana chembe moja ya mchanga kwenye beringi inaharibu siku.

Beringi zenyewe zinataka tone moja la mafuta mepesi. Grisi itazifanya nzito, na wakati wa baridi itaganda.

Niende mto gani, lini, na nahitaji leseni?

Kwa Ontario: Credit, Ganaraska, Bronte, Nottawasaga, Saugeen, Maitland, Grand. Upande wa Marekani kuna Salmon River kule Pulaski, jimbo la New York, na Manistee na Pere Marquette kule Michigan. Stilihedi wanapanda kuanzia vuli, na kundi kubwa huingia majira ya kuchipua. Nenda siku mbili tatu baada ya mvua, maji yanapoanza kusafika na kuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea kidogo.

Kwa Ontario leseni ni lazima kwa mwenye miaka 18 hadi 64, pamoja na ile kadi inayoitwa Outdoors Card. Kusini mwa Ontario msimu wa trauti kwa kawaida hufunguliwa Jumamosi ya nne ya Aprili na kufungwa mwisho wa Septemba, lakini mito mingi ina vipande vya chini vinavyoachwa wazi zaidi ya hapo. Mpaka unaweza kuwa daraja moja tu: chini yake ruhusa, juu yake faini. Soma kanuni za eneo lako kila mwaka, usitegemee za rafiki yako, wala zangu.

Aliyeko Uingereza ana leseni yake ya fimbo, na mito hufungwa kwa samaki kama babeli kuanzia 15 Machi hadi 15 Juni.

Baridi mnaivumiliaje?

Kwa shida. Suruali ya mpira inayofika kifuani, na mkanda umebanwa kiunoni. Huo mkanda si pambo: ukianguka, ndio unaozuia suruali isijae maji. Usikanyage barafu iliyotanda ukingoni hata ukimwona mwenzako amesimama juu yake. Chini ya sifuri, pete za fimbo zinaziba kwa barafu. Chovya ncha mtoni kila baada ya muda, na uivunje kwa vidole taratibu. Chai ya tangawizi kwenye chupa. Mimi nabeba mbili, moja ya kunywa na nyingine ya kumpa yule aliyekuja bila.

Nikirudi nyumbani, naweza kuitumia?

Baharini, hapana. Chumvi itazila beringi, na kwenye mwamba unahitaji nguvu ambazo fimbo hii haina. Vijito vya trauti vya Kenya ni vidogo na desturi yake ni kuvua kwa nzi wa bandia. Lakini mto mpana wenye mkondo wa wastani na kuyu ndani yake, kwa nini isiwe? Huko ni sawa na babeli wa Trent. Mimi niliipeleka Tanga mara moja kumwonyesha mjomba kabla hajafariki. Aliizungusha mara mbili, akaweka kidole kwenye ukingo, akauliza kwa nini nimenunua gurudumu wakati kidole ninacho.

Wanalika?

Wanalika, na ni watamu. Ila kwanza angalia mwongozo wa serikali ya Ontario wa kula samaki, unaotaja kila mto na ziwa na milo mingapi kwa mwezi, kwa sababu samaki wakubwa wa Maziwa Makuu wanaweza kubeba zebaki na kemikali nyingine. Kina mama wajawazito na watoto wana mpaka wao tofauti. Kuuza samaki uliyemvua kwa leseni hii hairuhusiwi, hata kwa jirani, hata kwa bei ya udugu.

Mimi huchukua dume mmoja wa wastani kwa msimu, majike yenye mayai nawarudisha. Nampasua mgongoni, chumvi, ndimu, kitunguu saumu, namchoma kwenye jiko la mkaa nyuma ya nyumba theluji ikidondoka, kisha nampaka tui zito lenye ukwaju na pilipili, mara tatu, kila upande ukikauka.